Mafundo Matatu Kwenye Kamba ya Mgomba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uwase alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine. Alichochea moto, akapasha maji kwenye sufuria ndogo, akachovya kitambaa na kumkanda bibi yake nyonga. Jina la bibi huyo lilikuwa Véronique, lakini pale nyumbani kwao Kirushya wote walimwita Nyogokuru, maana ndivyo mabibi wanavyoitwa katika lugha yao ya nyumbani. Msimu uliopita Nyogokuru aliteleza akiwa anavuna maharage, akavunjika nyonga. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini mguu ulibaki mgumu.

"Shikamoo, Nyogokuru. Maji hayachomi?"

"Marahaba, mwanangu. Yakichoma kidogo ndiyo vizuri. Kanda hapo hapo. Ah, taratibu! Hiyo ni nyonga, si donge la maandazi!"

Walicheka wote wawili. Uwase alipenda asubuhi hizo, hata kama mara nyingine zilimchelewesha.

Daktari alikuwa ameagiza Nyogokuru apelekwe mara kwa mara hospitalini Rulenge kufanyishwa mazoezi ya mguu. Alisema wazi kwamba akiyaacha, mguu utaganda hivyo hivyo, na hatatembea tena bila magongo. Baba yake Uwase, Matiasi, alikuwa na Suzuki ndogo ya zamani ambayo alibebea maharage na ndizi. Kilikuwa kigari kifupi, chembamba, lakini hakuna mlima uliokishinda. Bodaboda zilikataliwa na daktari, kwa hiyo kigari hicho ndicho kilichompeleka Nyogokuru hospitalini.

Tatizo lilikuwa mteremko wa kwenda Rulenge. Malori yanayokuja kununua ndizi yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu barabarani, kila tairi na mfereji wake. Magurudumu ya lori yameachana sana, ya Suzuki yamekaribiana. Basi tairi moja la Suzuki liliingia mferejini na jingine likapanda tuta la katikati, na gari lote likalala upande. Nyogokuru aliteleza mpaka mlangoni, uzito wote ukaangukia nyonga ile ile mbovu.

"Matiasi, gari rinarara! Simama, rinarara!" alipiga kelele safari ya mwisho. Nyogokuru akisisimka huchanganya r na l, na siku nyingine Uwase angecheka. Siku ile hakucheka. Alimwona bibi yake akifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mimi humo sipandi tena," Nyogokuru alisema walipofika nyumbani. "Mguu ubaki ulivyo. Nimeshalima vya kutosha."

"Mama, usiseme hivyo," Baba alimwambia.

"Nimeshasema."

Jioni iliyofuata Baba alirudi kutoka Rulenge kwa fundi Rwekaza akiwa na habari njema. Alichukua kifuniko cha sufuria, akakisimamisha juu ya meza.

"Angalia, Uwase. Rimu ni kile chuma kinachoshika tairi. Rimu zetu zinalivuta tairi ndani, chini ya gari. Kuna nyingine zinalisukuma tairi litokeze nje." Akakisogeza kifuniko pembeni. "Tairi zikitokeza kila upande, zote zitakaa ndani ya mifereji ya malori. Gari halitalala tena."

"Basi tuweke zile zinazotokeza sana!"

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo, fundi akanicheka. Zikitokeza kupita kiasi, usukani unakuwa mzito, beringi zinachakaa mapema, na tairi linaanza kusaga madigadi, yale mabati yanayolifunika kwa juu. Anazo za aina mbili. Moja inatokeza vidole viwili, nyingine vinne. Anataka nimpelekee kipimo cha mifereji ndipo tuchague."

Baba alikuwa na maharage shambani ambayo mvua ingeyaozesha, na mteremko ule ulikuwa njia ya Uwase ya kwenda shule. Kwa hiyo kazi ya kupima akapewa yeye. Nyogokuru alimsokotea kamba ya mgomba, nyembamba na imara.

"Pima toka katikati ya mfereji huu hadi katikati ya ule," Baba alimwelekeza. "Pima juu ya mteremko, pima katikati, kisha chini kabla ya kijito. Kila mahali funga fundo lake. Nakutegemea, mwanangu."

Asubuhi Uwase alitoka na rafiki yake Felisita. Juu ya mteremko palikuwa na uwanja wa ndizi, mahali ambapo malori hugeuza na kupakia. Felisita alikanyaga ncha moja ya kamba, Uwase akaivuta hadi mfereji wa pili na kufunga fundo. Ilikuwa rahisi. Kisha wakatazama chini. Mvua ya usiku ilikuwa imeugeuza mteremko wote kuwa tope jekundu. Wao walikuwa wanapita kwenye kijia cha pembeni, kwenye majani.

"Haya, mhandisi wa barabara," Felisita alimtania. "Ingia humo uoge kabisa. Mwalimu atafikiri ni kiboko amekuja darasani."

"Baba amesema nipime sehemu tatu."

"Barabara si ile ile? Malori si yale yale? Wewe funga tu, twende. Leo ni zamu yetu ya kufagia."

Uwase alitazama soksi zake nyeupe. Alitazama tope. Kisha akafunga fundo la pili karibu na la kwanza, na la tatu karibu na la pili. Hakuyaweka mahali pamoja kabisa. Aliyaachanisha kidogo, ili yaonekane kama yamepimwa.

Jioni Baba alipoyaona yale mafundo alifurahi sana.

"Umepima sehemu zote?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi barabara yote ina upana mmoja. Hizi ni rimu za vidole vinne, hakuna ubishi."

Uwase alitaka kusema neno, lakini Nyogokuru alikuwa amemshika mkono. "Mguu wangu sasa una mhandisi wake," alisema akitabasamu. Usiku ule Uwase hakuona ladha ya chakula.

Siku ya Jumamosi asubuhi rimu mpya zililetwa kutoka Rulenge kwa bodaboda, tairi zikiwa juu yake, Baba akazifunga kwenye Suzuki. Tairi zilikuwa zimetokeza pembeni, na gari lilionekana fupi kuliko zamani. Nyogokuru alichechemea hadi nje akalipiga piga kofi ubavuni.

"Sasa rimepanua miguu vizuri! Haya, Matiasi, Jumatatu nitakwenda. Lakini rikirara tena, ndiyo basi. Usiniombe tena hata kwa magoti."

"Halitalala, Mama. Ngoja kwanza nilijaribu."

Baba alipakia gunia la maharage kwenye kiti cha Nyogokuru, akalifungia mkanda kama mtu, na Uwase akakaa nyuma. Pale juu kwenye uwanja wa ndizi gari lilikaa ndani ya mifereji kama limetengenezewa hapo. Baba akapiga mluzi. Kisha wakaanza kuteremka.

Chini ya uwanja mifereji ilikuwa na kina zaidi, na kuta zake zilikuwa ngumu. Tairi la kulia likapanda ukuta wa nje, likaanguka, likapanda tena. Usukani ukawa unampokonya Baba mikono. Gunia lilisukwa huku na huku, na Uwase akalitazama akiona si gunia bali Nyogokuru. Kwenye kona kukasikika mlio wa kusaga, krrr, na harufu ya mpira ikaingia ndani.

Baba alisimamisha gari, akashuka na kuinama. Tairi lilikuwa limechubuliwa na madigadi. Akapitisha kidole palipochubuka.

"Mifereji ina upana mmoja, kamba imesema," alijiambia. "Basi kosa liko kwenye madigadi. Itabidi niyakate."

Uwase aliliegemeza gunia vizuri kitini.

Walipofika nyumbani Baba aliazima msumeno wa chuma kwa jirani. Alichora mstari kwa mkaa juu ya madigadi, akapiga goti. Uwase alijua maana yake. Fundi alikuwa amesema wazijaribu zile rimu kwanza, na kama hawajakata kitu chochote wanaweza kuzirudisha. Madigadi yakikatwa, yamekatwa. Na Jumatatu Nyogokuru atapanda, atarushwa kama lile gunia, na hatakubali tena kwenda Rulenge.

Meno ya msumeno yaligusa bati.

"Baba, usikate!"

Baba aligeuka. "Kuna nini?"

"Mafundo." Sauti ya Uwase ilikuwa ndogo sana. "Nilipima pale juu tu. Yale mengine mawili niliyafunga mwenyewe. Kulikuwa na tope. Nilidanganya."

Kuku alipita katikati yao akidonoa. Baba aliweka msumeno chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, na Uwase akaona kwamba hasira ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kilichomuuma zaidi kuliko hasira.

"Nilimwambia fundi binti yangu hasemi uongo," Baba alisema. "Aliniuliza nani kapima, nikamjibu hivyo."

Uwase alianza kulia. Alitegemea Nyogokuru atamtetea, kama kawaida yake. Lakini Nyogokuru, aliyekuwa amekaa mlangoni, alisema tu, "Usirie hapo, mwanangu. Machozi hayapimi barabara. Kamba iko nyuma ya mlango."

Wakaenda wote wawili, Uwase na baba yake. Safari hii Uwase alivua viatu na soksi, akaingia kwenye tope mpaka magotini. Alifungua mafundo ya zamani yote kwa meno. Pale juu kamba ilikuwa ndefu. Katikati ya mteremko ilikuwa fupi zaidi, na karibu na kijito ikawa fupi kama ya katikati.

"Unaona?" Baba alisema. "Pale juu malori yanageuza, yanatanua mifereji. Huku chini hayana nafasi ya kugeuza. Barabara ni moja, lakini haifanani."

Mchana huo huo walienda Rulenge polepole, Nyogokuru akibaki nyumbani. Baba hakumweleza fundi Rwekaza chochote. Alisimama pembeni, akamwachia binti yake nafasi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ehe, vipi rimu zangu?"

"Mimi ndiye niliyepima vibaya. Nilipima sehemu moja, nikasema tatu. Hii ndiyo kamba ya kweli." Akaikunjua mbele yake.

Fundi aliitazama kamba iliyojaa tope, kisha akamtazama Uwase, aliyekuwa na tope kuliko kamba. Akaangua kicheko. "Hiki kipimo nakiamini! Hiki kimeingia mpaka shimoni." Alizunguka gari akakagua. "Bahati yenu hamjakata. Leteni jeki."

Aliweka rimu za vidole viwili. Kisha Baba akaketi kwenye usukani, vijana wawili wa gereji wakakaa nyuma ili gari lishuke, na fundi akamwambia Uwase alale chini atazame. Baba alizungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto.

"Linagusa?" fundi aliuliza.

Uwase alikuwa amechoka, na njaa ilikuwa inamuuma. Upande wa kulia palikuwa safi. Upande wa kushoto alitazama mara mbili.

"Kulia haligusi. Kushoto linagusa kidogo ule mpira wa kuzuia matope."

Fundi akainama, akaona ni kweli. Akausogeza mpira na kuukaza upya.

Jumatatu asubuhi Nyogokuru alikaa mbele na mto chini ya nyonga. Uwase aliruhusiwa kupanda mpaka njia panda ya shule, ng'ambo ya kijito. Kwenye uwanja wa ndizi gari liliinama kidogo, maana pale mifereji ni mipana. Nyogokuru akashika mlango kwa nguvu. Kisha mteremko ukaanza, tairi zote zikaingia mahali pake, na gari likashuka limesimama wima, taratibu, bila kurukaruka. Nyogokuru akaachia mlango.

"Imekuuma, Mama?"

"Pale juu, kidogo. Huku hapana." Alimgeukia Uwase. "Nasema kweli. Sasa katika nyumba hii tunasema kweli, hata ikiwa na tope."

Baba alicheka, lakini aliposimamisha gari chini ya mteremko uso wake ulikuwa na utulivu.

"Uwase, nisikilize. Mtu akikutuma kutazama kitu, macho yako yanakuwa macho yake. Mimi niliendesha kwa macho yako. Fundi alichagua rimu kwa macho yako. Nyogokuru alikubali kupanda kwa macho yako. Uongo wako ulikuwa mafundo mawili tu, lakini ulitubeba sote. Kazi ikikushinda, rudi useme imekushinda. Hakuna atakayekuchukia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba. Nisamehe. Nyogokuru, nisamehe."

"Nilishakusamehe ulipokuwa unafungua yale mafundo kwa meno," alisema Nyogokuru. "Sasa nani atanikanda, nikikukasirikia?"

Mbele yao kijito kilikuwa kimejaa kuliko kawaida, maji yake mekundu, chini hakuonekani. Baba aliyatazama, kisha akaegemea kiti.

"Shuka ukapime kina, mwanangu. Tumia fimbo, usiingie. Urudi uniambie."

Uwase alishuka. Alitumbukiza fimbo ukingoni upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akainyoosha mbele kadiri mkono ulivyofika. Akarudi dirishani na fimbo iliyolowa.

"Pembeni yanafika hapa, chini ya goti langu. Kulia pana jiwe, pita kushoto. Katikati fimbo haikufika, Baba. Katikati sijui."

Baba alimtazama binti yake. Akatabasamu, akashuka mwenyewe, akaingia majini hadi katikati, akarudi suruali ikitiririka maji.

"Katikati ni hivyo hivyo, chini ya goti. Panda."

Hakwenda kutazama upande wa kulia wala wa kushoto. Aliwasha gari, akapita kushoto.