Kitambaa Cheupe cha Bibi Uzi

Asubuhi, kabla hata chai haijachemka, cherehani mbili zilikuwa zimeshaanza kelele zake. Moja ilikuwa ya Fundi, mwanamke mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Ya pili ilikuwa ya mama mkwe wake. Watoto wa mtaani walimwita Bibi Uzi, kwa sababu kila alikopita alidondosha vipande vya uzi.

Watu husema mkwe na mkamwana ni paka na panya. Hawa wawili walikuwa chanda na pete. Fundi aliolewa hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Bibi Uzi alimkalisha, akamfundisha kukata, kuunga na kupinda.

"Fumua," alimwambia kila pembe ilipokaa upande. "Fumua, mwanangu, uanze tena. Pembe ya kitambaa ndiyo inayomsema fundi."

"Jamani Mama, nani ataangalia pembe?"

"Mimi."

Fundi alicheka, akafumua. Majirani walipomsifu kwa kazi yake, aliwajibu, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mkwewe!"

Kisha Bibi Uzi akaugua. Padri alikuja nyumbani, akampaka mafuta matakatifu na kumpa Komunyo. Baada ya siku chache alifariki, mwanawe akiwa amemshika mkono. Cherehani yake ikanyamaza.

Fundi alilia mpaka sauti ikakauka. Kilichomchoma zaidi ni jambo moja. Miaka yote ile hakuwahi kukaa chini na kumwambia mkwe wake asante. Alidhani siku bado zipo. Sasa alitaka mazishi yaseme neno hilo kwa niaba yake.

Akafungua sanduku la vitambaa. Akachagua vipande vya rangi kali, vyekundu, vya njano na vya bluu. Akaviunga kuwa shuka kubwa la kufunika jeneza. Katikati akatarizi kwa uzi wa dhahabu: ASANTE MAMA.

Wakati huo wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa kwenye simu. Mdomo wa Wifi haukuwa na breki. Alishawatangazia ndugu wote kwamba mazishi ni Jumapili, siku ambayo watu hawaendi kazini. Alishapanga pia watakaohutubu kanisani: binamu, shemeji, majirani, hadi muuza vifungo wa sokoni.

"Na parokiani wamesemaje?" akauliza mume wa Fundi.

Wifi akashusha simu. Fundi akaweka sindano chini. Hakuna aliyekuwa amekwenda parokiani.

"Hodi!" sauti ikaita mlangoni. Alikuwa jirani yao, mama mnene ambaye pia ni katekista wa parokia. Aliwakumbatia mmoja mmoja, akakaa nao.

"Poleni sana," akasema. "Mazishi mmepanga lini?"

"Jumapili," akajibu Wifi.

"Hii ni Kwaresima, dada. Jumapili za Kwaresima hatuadhimishi Misa ya mazishi. Jumamosi inawezekana, lakini tumuulize padri kwanza."

"Mungu wangu! Nimeshatangaza!"

"Basi utatangaza tena. Simu si unayo mkononi?"

Mume wa Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Hata siku nyingine," Katekista akaendelea, "mkifiwa, anzieni parokiani. Mkubaliane na padri siku na saa, ndipo mtangaze. Haraka haraka haina baraka."

"Na wahutubu wangu je?" akauliza Wifi.

"Misa ni ya kumwombea marehemu na kumshukuru Mungu kwa maisha yake. Hotuba hazina nafasi pale. Jioni ya kesha, hapa nyumbani, tutasali. Baada ya sala, simulieni mpaka mchoke. Kanisani, padri akiruhusu, mtu mmoja husema maneno machache baada ya Komunyo, kabla ya sala za kumuaga marehemu."

"Kwa hiyo sisi tukae tu kama wageni?"

"Wageni wapi! Kazi mnayo. Mtachagua masomo, na ndugu watayasoma. Mwingine atasoma maombi. Mtapeleka mkate na divai altareni. Nyimbo tutachagua pamoja na kwaya."

"Mama alipenda ile zaburi ya mchungaji," akasema mume wa Fundi.

"Basi tutaiimba."

Fundi akakunjua shuka lake. "Na hili ndilo litakalomfunika," akasema.

Katekista alilipapasa kwa heshima. "Una mikono ya baraka," akasema. "Hapa nyumbani, kwenye kesha, mfunike. Lakini kanisani jeneza hufunikwa kwa kitambaa cheupe cha parokia. Siku ya ubatizo mtu huvikwa nguo nyeupe. Siku ya kumuaga tunaukumbuka ubatizo ule. Maskini na tajiri, kitambaa ni kilekile."

Uso wa Fundi ukabadilika. "Mama yangu ashone maisha yake yote, halafu aondoke na nguo ya kuazima?"

Katekista hakubishana naye. "Twende parokiani," akasema. "Ukifika, kikague mwenyewe. Wewe ndiye fundi."

Padri aliwapokea vizuri. Wakakubaliana Jumamosi asubuhi, kisha maziko makaburini. Akawauliza habari za marehemu, apate kumtaja vema. Wifi akatoka nje kupiga simu zake upya.

Katekista akafungua kabati, akatoa kitambaa cheupe na kukitandaza mezani. Fundi alikisogelea akiwa ameshajiandaa kukitafutia kasoro. Akafuata upindo kwa kidole, polepole. Kidole kikafika kwenye pembe, kikasimama.

Pembe ilikaa sawasawa. Upindo ulikunjwa mara mbili, na mshono wa mkono ulifichwa kwa ndani, usionekane hata kidogo. Fundi aliufahamu mkunjo ule. Alikuwa ameufumua na kuurudia mara nyingi mno.

"Nani alishona hiki?" akauliza.

"Sijui," akasema Katekista. "Nami nilikikuta."

"Nilisikia kwamba aliyekileta hakutaka atajwe," akasema padri.

Fundi akavuta kiti, akakaa. "Ni Mama," akasema, na machozi yakamtoka. "Hii ni pembe ya Mama."

Mumewe akaishika pembe ile, akaibusu. Wangapi walishafunikwa na kitambaa kile! Fundi alikuwa amehudhuria mazishi mengi na wala hakuwahi kukitazama. Bibi Uzi alikaa pembeni yake kanisani, akaimba na wenzake, na hakusema neno.

Jioni ya kesha, shuka la rangi lilifunika jeneza sebuleni. Walisali, kisha wakasimulia. Wifi alisema sana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetaka anyamaze. Fundi alieleza jinsi alivyofika nyumba ile hajui kutunga uzi. "Asante, Mama," akasema mbele ya wote. Akahisi moyo umekuwa mwepesi.

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, padri alinyunyiza maji ya baraka. Fundi na Wifi wakatandaza kitambaa cheupe juu ya jeneza. Mshumaa wa Pasaka ukawaka karibu yake. Mume wa Fundi alisoma somo la kwanza bila kukwama. Fundi alipeleka mkate altareni. Misa ilikwenda kwa utulivu, na hata ndugu wasio Wakatoliki walisema wamefarijika.

Sasa shuka la rangi linafunika cherehani ya Bibi Uzi. Jirani akifiwa, Fundi huwa wa kwanza kufika, na baada ya pole huuliza, "Mmeshamwona padri?"

Mwaka huo kitambaa cha parokia kilianza kuchakaa. Fundi akashona kipya cha kushika nafasi yake. Pembe ya mwisho ilikaa upande kidogo, akaifumua, akaanza tena. Alipokipeleka, Katekista alimuuliza, "Tutangaze kanisani nani amekishona?"

"Hapana, jirani," akasema Fundi. "Aliyetakiwa kuiona pembe ameshaiona."