Jibu la Swali la Tisa

Foleni ya picha za pasipoti ilikuwa imefika hadi mlangoni, na mpiga picha alikwisha kusema "usicheke" mara kumi na mbili tangu afungue. Neno hilo ndilo lililompa jina. Mtaa mzima ulimwita Usicheke, na hata mama yake mzazi alikuwa akijisahau. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chembamba kati ya duka la dawa na kinyozi: pazia jeupe, kigoda, mashine kuukuu ya kutoa kopi, na msumari ukutani uliotundikwa koti moja jeusi.

Koti hilo lilikuwa la wote. Anayekuja na nguo nyeupe hupotelea kwenye pazia, kichwa kikabaki kinaelea peke yake, na picha ya namna hiyo hurudishwa. Kwa hiyo wakubwa kwa wadogo walilivaa, naye Usicheke akalibana kwa nyuma kwa vibanio vya nguo ili likae.

Msichana aliyefuata alikuwa na sare ya unesi, nyeupe pe kuanzia kola hadi pindo, saa ndogo ikining'inia kifuani. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Alipopewa koti alilinusa kwanza.

"Limevaliwa na watu wangapi hili?"

"Wa leo tu ni kumi na wawili."

"Basi nitasafiri na mafua ya wote hao."

Usicheke akapita nyuma yake kubana vibanio. Alisikia harufu ya sabuni ya hospitali, na mikono yake, iliyokuwa imebana watu kwa miaka sita bila kufikiri, ikawa mizito. Akarudi kwenye kamera, akasema usicheke. Nesi akaangua kicheko. Wakarudia mara nne, kila mara kicheko, mpaka mzee mmoja kwenye foleni akasema kama ni uchumba wakauzungumzie nje.

Ikajulikana kwamba anakwenda misheni. Kanisa lao lilikuwa linapeleka vijana saba nchi ya mbali, kwenye zahanati iliyoko milimani, wakatibu na kuhubiri kwa miaka miwili. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesema anakwenda sokoni. Usicheke, ambaye kanisani alikuwa mtu wa benchi la nyuma karibu na mlango, alijikuta anauliza wanaondoka lini. Baada ya miezi mitano, akajibiwa.

Nesi alirudi kuchukua picha, akarudi tena kutoa kopi ya cheti cha chanjo, kisha akaanza kurudi bila karatasi yoyote. Kila Jumamosi wasafiri walifanya mazoezi: kulala chini, kufua kwa ndoo moja ya maji, kutoa ushuhuda kwa dakika tatu bila kulia. Hilo la mwisho lilimshinda Nesi. Kila alipofika pale baba yake alipofia wodini, na nesi wa zamu, mtu asiyemjua, akamshika mkono na kuomba naye, sauti ilimkatika. Ndiyo sababu alisomea kazi hii, na ndiyo sababu alitaka kwenda. Usicheke alimshikia saa. "Dakika nne, Nesi," angesema taratibu, "na wokovu bado hatujaufikia." Nesi angecheka huku anafuta macho, kisha wanaanza upya.

Kulikuwa pia na kijitabu cha lugha ya huko. Usicheke alijilaza kwenye benchi la wateja akawa mgonjwa, Nesi akimwuliza kwa lugha hiyo ngeni panapouma. Siku moja alionyesha kifua.

"Huo ni ukurasa wa kumi na nne. Unakohoa?"

"Sikohoi. Panauma tu ukiondoka."

"Hiyo haimo kitabuni."

"Basi kitabu hakijakamilika."

Alimpenda, na alijua kuwa anampenda. Alimsindikiza hadi kwa mama mdogo wake alikokuwa akiishi, akala huko, akaosha vyombo bila kuombwa, akampimia begi kwenye mizani ili lisizidi kilo. Neno moja tu hakulisema. Aliona kumwambia binti "uwe wangu" wakati mguu mmoja uko njiani ni kumfunga kamba. Na lilikuwapo jambo jingine ambalo lilimtia aibu mbele za Mungu: kila akipiga magoti, aliomba wamnyime viza.

Wiki sita kabla ya safari, ofisi ya misheni iliagiza fomu ya mwisho, nakala nne. Nesi aliileta mbio mbio zamu ikiwa inaanza, akaiacha juu ya meza, akakimbia. Usicheke hakuwa na tabia ya kusoma karatasi za watu, maana mtu wa kopi ni kama daktari, anaona na kunyamaza. Lakini mashine ilikwama ukurasa wa pili. Alipouvuta kwa mkono macho yakaangukia swali la tisa: Je, una mchumba au mpenzi anayeweza kukufanya urudi kabla ya muda? Chini yake, kwa mwandiko ule nadhifu wa kuandika dozi, palikuwa na neno moja. Sina.

Alimaliza nakala zote nne, akazibana vizuri, akaziacha duka la dawa ili Nesi azichukulie huko. Kuanzia siku hiyo hakupokea simu. Siku ya kwanza zilipigwa sita, naye akajibu kwa ujumbe kwamba kazi zimembana. Mama mdogo alituma salamu, zikarudishwa salamu tupu. Alijiambia kwamba mtu aliyepimiwa begi miezi mitatu na nusu kisha akaandika "sina" hana la kuelezwa. Usiku na mchana alilitafuna neno hilo, na chakula kikawa hakipiti.

Siku ya kumi Nesi alikuja mwenyewe na kushika foleni kama watu wote. Ubalozi ulikuwa umerudisha picha zake, wao wana kipimo chao, na alipewa nafasi moja tu ya kupeleka nyingine. Alikaa kwenye kigoda na sare yake nyeupe. Usicheke akatungua koti, akambana vibanio.

"Usicheke," akasema nyuma ya kamera.

"Nina cha kuchekea?"

Picha ikatoka safi mara ya kwanza. Kukata ndiyo kazi iliyobaki. Usicheke aliijua ile sheria ya ubalozi kama kiganja chake: milimita mbili zikipungua, picha inarudi, tarehe ya tiketi inapita, na Nesi anabaki. Hakuna ambaye angejua. Alishika mkasi akasimama hapo, na kitu alichokuwa akikiomba kwa magoti sasa kilikuwa mkononi mwake. Kisha akavuta rula. Akapima, akakata, akapima tena. Ndipo alipoongea, bila kuinua uso.

"Swali la tisa."

Nesi akamgeukia. "Umesoma fomu yangu."

"Mashine ilikwama."

"Ulitaka niandike nini?"

"Kwamba nipo."

"Upo kama nani?" Hakupaza sauti, lakini foleni yote ilikuwa imetega masikio. "Umenishikia saa, umenipimia begi, umeosha vyombo vya mama mdogo. Siku gani umeniambia neno? Nilikaa na kalamu juu ya swali lile nusu saa nzima. Nikasema, nikiandika ninaye, na mwenyewe hajasema, nitakuwa nimejichumbia peke yangu."

Usicheke akaweka mkasi chini. Akamwambia yote, hata lile la aibu. "Nilikuwa naomba wakunyime viza."

"Na hizo picha umezikataje?"

"Ziko sawasawa. Nimepima mara mbili."

Nesi akachukua rula, akapima mwenyewe, moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nakupenda," Usicheke akasema. "Nenda, na ukirudi nataka kukuoa. Utanikubali?"

"Mjibu, dada," sauti ya mama mmoja ikatoka mlangoni. "Wengine tuna safari pia."

Nesi hakumjibu yeye wala Usicheke. Alisema apewe fomu tupu ya misheni, maana Usicheke ndiye aliyewatolea kopi wasafiri wote saba.

Usicheke alishtuka, kwa sababu aliijua habari ya swali lile. Miaka miwili nyuma binti mmoja aliyetumwa huko alirudi mwezi wake wa tatu kwa sababu ya simu za mchumba wake, zahanati ikabaki bila nesi. Tangu hapo anayeandika "ninaye" huitwa ofisini pamoja na mwenzake, na wengi huachwa. "Watakuacha," akamwambia. "Iache ilivyo."

"Siku ile nilipoandika ilikuwa kweli. Leo si kweli tena. Nitawezaje kwenda kuwahubiria watu nikiwa na karatasi ya uongo?" Akavuta kalamu, akaandika pale pale, ninaye.

Mratibu wa misheni, aliyewaita ofisini wote wawili, alikuwa mama wa makamo, mkunga mstaafu, miwani yake ikiwa imefungwa kamba shingoni. Hakuwauliza wamependana lini. Aliisoma fomu, akaivua miwani, akamgeukia Usicheke.

"Mwanangu, kule kuna baridi na upweke. Siku moja atakupigia analia, atakuambia anataka kurudi. Utamwambia nini?"

"Nitatamani kumwambia arudi, Mama. Siwezi kukudanganya. Lakini nitamwuliza kwanza kesho ana wagonjwa wangapi."

Mratibu akavuta muhuri, akaigonga fomu. Alisema neno hilo ameliandika moyoni na atamshikilia nalo.

Siku ya safari mama mdogo aliomba mpaka wakakaribia kuachwa na ndege. Begi lilikuwa limetimia kilo zake, hata soksi isingeongezeka. Usicheke alimvalisha Nesi lile koti jeusi mwilini, bila vibanio, akamwambia kule kuna baridi. Nesi alilinusa, akacheka na kulia kwa pamoja, akaingia uwanja wa ndege.

Simu ilikuja mwezi wa tatu tangu aondoke, saa sita mchana, mteja mwenye shati jeupe akiwa kigodani amevaa koti jipya ambalo halijazoea mtu. Mwanzoni Usicheke hakusikia maneno, alisikia kilio tu. Mtoto mmoja amefariki mikononi mwake asubuhi. Lugha inamshinda. Haoni faida yake. "Nataka kurudi nyumbani, mpenzi. Niambie tu nirudi."

Tiketi ingeweza kubadilishwa wiki hiyo hiyo, na wiki iliyofuata wangekula pamoja kwa mama mdogo. Hakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani. Alimwacha alie mpaka pumzi zikatulia, naye akalia naye kidogo, mgongo ameugeuzia foleni.

"Nesi wangu. Kesho una wagonjwa wangapi?"

Alisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili.

"Kumi na saba," akasema.

"Nami nakusubiri hapa hapa. Nenda kanawe uso."

Aliposikia simu imekatwa alijifuta macho kwa mkono wa shati, akarudi nyuma ya kamera. Mteja alikuwa anamtazama kwa huruma, hajui afanye uso gani.

"Kaa vizuri," Usicheke akamwambia. "Leo ukitaka kucheka kidogo, cheka. Tutapiga nyingine."