Mtegemezi wa Bwana Makato

Kasoro ilianzia mezani, mchana kweupe. Binti wa Bwana Makato alimaliza sahani yake, akalamba vidole, kisha akasema, "Baba, bado nina njaa. Huyu amekula chakula changu."

Kiti alichokionyesha kilikuwa kitupu, ila kilinuka udongo uliolowa.

Bwana Makato alikuwa mhasibu, hodari wa kukondesha kodi za watu, na jina hilo alilipata kwa wateja. Programu ya kodi aliijua nje ndani: inachukua mapato ya mwaka, inatoa nafuu ya kila mtegemezi, kinachobaki inakikata kwa ngazi. Ngazi ya chini kiwango chepesi, ya juu kiwango kizito. Yeye mwenyewe alikuwa amechungulia ngazi ya juu kidogo tu, ikamuuma. Basi akamwandika mtoto wa marehemu kaka yake kuwa mtegemezi wake, akashuka.

Kumlisha, hakumlisha hata siku moja. Mtoto alipougua, mama wa mtoto, shemeji yake, alikuja ofisini kuomba ya dawa, akaambiwa asubiri mwisho wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha walikuwa makaburini wakimzika mtoto. Na mwaka uliofuata yule mwenye roho ya korosho akamwandika tena: yu hai. Na uliofuata pia.

Sasa binti yake alikuwa anakula na kukauka. Mkewe akamwita mganga. Mganga aliinusa harufu ya kile kiti.

"Huyu hakuvunja mlango," alinong'ona. "Amekaribishwa. Bwana, kuna mahali umesema yu hai na unamlisha?"

Bwana Makato akasema yote, macho chini.

"Kamfute. Miaka yote. Ukibakiza hata mmoja, mimi simo."

Alikwenda ofisini mbio. Akamfuta mwaka huu. Programu ikapiga hesabu upya, kodi ikaruka juu, akameza mate. Akafungua mwaka wa nyuma. Tofauti ile, na faini juu yake, na riba juu ya faini! Ile imeshapita, akajiambia, nani ataifukua? Akafunga.

Hapo harufu ya udongo ikapanda kutoka chini ya meza, ikamjaa puani na kooni, na herufi za kibodi zikaanza kubonyea zenyewe, taratibu, kama zinabonyezwa na vidole vidogo vilivyolowa, na ile kodi kwenye kioo ikawa inashuka, inashuka, mpaka ikarudi palepale alipoikuta, huku pumzi baridi ikimgusa sikio.

"Baba mdogo. Hata sasa unanifanyia hesabu?"

"Mwanangu, nisamehe. Nitafuta yote. Sasa hivi!"

"Mama alikupigia magoti hapo ulipokaa. Ulimwambia asubiri. Na wewe subiri."

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, sauti iko chini, kama mtu anayejificha chumbani.

"Binti ameamka. Amekula chungu kizima, ameshiba, anacheka."

"Alhamdulillahi," Bwana Makato akasema, machozi yakimtoka.

"Ngoja kwanza, mume wangu. Ananiita mama mdogo. Anauliza mama yake atakuja lini kumchukua."