Badiliko Lisilo na Mwenyewe

Kwanza ilikuwa harufu. Mchana kweupe, jua linayeyusha lami, ofisi ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Kope, fundi wa programu aliyepewa jina hilo kwa macho yake mazito ya uchovu, alinusa, akapiga mwayo wa kumeza kabati zima, akaendelea na kazi.

Programu yao iliendesha mashine za kupumulia hospitalini. Ukibadilisha kitu, unahifadhi na kaujumbe: umegusa nini, kwa nini. Kope alishachoka na hayo. Kila mara aliandika neno moja tu, "Nimerekebisha." Aliliandika mara milioni, na hapo nimepunguza.

Simu ikalia. Mashine wodini zinapumua ovyo. Mgonjwa mmojawapo ni mama yake Kope, kitanda cha dirishani, na manesi wanampa hewa kwa mkono.

"Tafuta badiliko lililoharibu, ulitoe," bosi wake alinong'ona.

"Lipi, dada? Yote yanasema nimerekebisha."

"Si ni yako yote?"

Kope akatikisa kichwa. "Mengine sikuandika mimi."

Hapo vibonye vya kompyuta isiyo na mtu vikaanza kubonyea vyenyewe, tak, tak, taratibu, kama kwa vidole vya mtu aliyechoka kufa, na kiti kikazunguka, na joto likapanda, na ile harufu ikawashika kooni, na kwenye kioo zikajipanga nimerekebisha, nimerekebisha, nimerekebisha, zote kwa jina la Kope.

Mganga aliyeitwa na bosi alikuja viatu mkononi, hoi kuliko wao.

"Jini hukaa kwenye kitu kisicho na mwenyewe," alisema. "Kila badiliko lijieleze."

"Yote hayo, mzee? Nitakufa hapa."

"Kufa ukimaliza, mwanangu."

Kope akayafungua moja moja, akayaandikia upya: limebadilisha nini, sababu yake nini. Macho yalimwaka moto. Likabaki moja, halina kichwa wala miguu. Wakalitoa. Ukuta ukapiga yowe la kupasua nyumba saba, harufu ikakatika, na wodini wakasema mama anapumua vizuri.

"Pumzika, mdogo wangu," bosi akamwambia, akamsindikiza mganga nje.

Kope akalaza kichwa mezani. Mbele yake kioo kikawaka, na badiliko jipya likajihifadhi kwa jina lake, safari hii limeandikwa vizuri, halina kasoro:

"Punguza hewa, kitanda cha dirishani. Sababu: mwanawe amelala."