Orijino ya Mjapani

Kwa kawaida Loveness alitakiwa kufagia uwanja kwanza, kisha achote maji, kisha amwamshe mdogo wake Venance. Lakini tangu baiskeli ile iingie nyumbani kwao Goba, mambo yalipinduka. Kwanza baiskeli, mengine baadaye. Alichukua kitambaa laini kwenye mabaki ya ushonaji ya mama yake, akaifuta fremu ya buluu, akaufuta usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, akayafuta hata matairi membamba ambayo muda si mrefu yangerudi vumbini.

Ilikuwa baiskeli ya mbio, ya mtumba kutoka Ujapani. Mjomba Albano ndiye aliyemletea, kumpongeza kwa kuingia darasa la saba. Pale mtaani hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na baiskeli ya namna ile, na Loveness alilijua hilo vizuri mno.

Mama yake, Marietha, alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa Ifakara, ambako watu huendesha baiskeli tangu utotoni, wanawake kwa wanaume. Siku ile baiskeli ilipofika aliiacha kazi yake, akaizunguka polepole, akavuta mishikio ya breki, akakwaruza raba za breki kwa ukucha.

"Tairi bado zina maisha," alisema. "Cheni tutaipaka mafuta. Siti imechanika, hiyo nitaishona mwenyewe. Lakini waya wa breki umeanza kuachia nyuzi, na raba zimekauka, ngumu kama kwato. Hivi havina mjadala, vinabadilishwa."

Hakuishia kwenye maneno. Alipokwenda Kariakoo kununua vitambaa alirudi na waya mpya mweusi na raba mpya za breki, vyote kwenye mfuko mmoja. "Mpelekee fundi wa pale kona akufungie," alimwambia bintiye.

Loveness aliondoka na nia njema kabisa. Bahati mbaya njiani alikutana na Brightson, kijana wa sekondari aliyejiona bingwa wa baiskeli wa Goba nzima.

Brightson alichungulia ndani ya mfuko, akashika kichwa kama aliyeletewa habari za msiba. "Sista, unataka kuiua hii chuma? Waya wake ule mweupe ni orijino, umetoka nayo kiwandani Japani! Ukiweka huo mweusi wa Mchina, imekwisha. Mie siwezi kukubali."

"Lakini mama anasema umechakaa."

"Wamama wanajua vitenge. Orijino haifi, sista."

Maneno yale yalimwingia Loveness kama sukari kwenye chai. Hakwenda kwa fundi. Alirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, akauficha mfuko chini ya ndoo ya unga. Jioni mama yake, macho yakiwa kwenye mshono, alimwuliza, "Umefungiwa vile vipya?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri, mwanangu." Cherehani ikaendelea kulia. Mama hakwenda kutazama, maana aliyejibu ni mwanawe.

Usidhani Loveness hakujua hali ya breki zake. Alijua sana. Kila alipoteremka mlima wa kuelekea barabara kuu, breki zilipiga kelele bila kushika, naye alizisaidia kwa kuburuza kandambili chini. Siku moja mama yake alizitazama zile kandambili akashangaa. "Hizi mbona zimelika hivi? Unatembea au unapiga randa?" Loveness alicheka, akabadilisha mazungumzo.

Jumamosi moja asubuhi Venance alikwenda kigangoni kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Kigango kilikuwa bondeni, ng'ambo ya barabara kuu. Loveness alikuwa akiosha vyombo na mama yake akikata kitambaa, simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa katekista Adelard.

"Mama Loveness, Venance kifua kimembana. Tumetafuta dawa yake kwenye begi, haimo!"

Mama aligeuka. Kikopo cha dawa ya pumu, kile cha kuvuta kwa mdomo, kilikuwa mezani kando ya mkasi. Alikidaka, akatoka nje mbio. Kijiweni mbele ya geti hapakuwa na bodaboda hata moja. Wote walikuwa wamepeleka watu sokoni. Macho yake yakaangukia baiskeli iliyoegemea ukutani.

Loveness alisimama mlangoni, mikono ikidondosha povu. Alifahamu kinachofuata kabla hakijatokea. Alitakiwa kutamka neno moja tu: breki. Lakini kulitamka kulikuwa sawa na kusema, mama, nilikudanganya, na ulimi ukawa mzito. Kusitasita kule kulitosha. Mama alifunga kitenge vizuri kiunoni, akafutika kikopo humo, akapanda, akatoka getini kama yule msichana wa Ifakara wa zamani.

"Mama!" Hatimaye sauti ilimtoka. "Mama, breki mbovu! Sikubadilisha! Mamaaa!"

Baiskeli ilikuwa imeshaingia mteremkoni.

Loveness alikimbia nyuma yake kama kichaa. Alimwona mama yake akivuta breki, halafu akivuta tena kwa nguvu zote, na baiskeli ikizidi kushika kasi. Alimwona akishusha mguu chini na kandambili ikiruka mtaroni. Huko chini, kwenye barabara kuu, lori la kokoto lilikuwa linakuja likinguruma. Loveness alitaka kufumba macho, akashindwa.

Karibu na mwisho wa mteremko palikuwa na nyumba inayojengwa, na mbele yake lundo la mchanga. Mama aliukata usukani kwa ghafla. Gurudumu la mbele likazama mchangani, naye akarushwa juu ya usukani, akaanguka upande mmoja kwa kishindo. Lori likapita.

Loveness alifika mbio. Mama alikuwa amekaa, nywele zimejaa mchanga, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kwa mkono mzima alikuwa ameshakichomoa kikopo cha dawa kiunoni.

"Mpelekee mdogo wako," alisema, akihema. "Vuka kwa uangalifu."

Ndipo jicho lake likatua kwenye breki. Waya ulikuwa umekatika, nyuzi zimesimama kama sharubu za paka. Waya mweupe. Mama aliutazama ule waya, kisha akamtazama bintiye. Katika maisha yake yote Loveness alikuwa hajawahi kutazamwa namna ile. Hapakuwa na hasira usoni pa mama yake. Palikuwa na mshangao mtupu, kana kwamba anamwona mtoto asiyemfahamu.

"Kimbia," mama alisema.

Loveness alikimbia huku analia. Alimkuta Venance amekalishwa kwenye benchi, mabega yanapanda na kushuka, midomo imepauka. Alimshikia dawa mdomoni kama alivyofundishwa, mtoto akavuta, akavuta tena, na taratibu kifua kikaachia. Katekista Adelard alimshukuru Mungu kwa sauti. Loveness alishindwa hata kuitikia amina. Alimweleza katekista kilichotokea, naye na watu wa kigangoni wakamchukua mama wakampeleka hospitali.

Jioni mama alirudi mkono ukiwa kwenye plasta. Majirani walikuja kumpa pole, na Brightson naye hakukosa. Aliikagua baiskeli kuanzia mbele hadi nyuma, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Ila umeona? Fremu haijapinda hata kidogo. Ndiyo raha ya orijino."

"Marahaba," mama alijibu. "Hata mkono wangu ulikuwa orijino, Brightson."

Majirani waliangua kicheko. Brightson aliinamisha uso, na punde akakumbuka kuwa ametumwa dukani.

Wageni walipoondoka, Loveness alikwenda jikoni, akainua ndoo ya unga, akautoa mfuko. Aliuweka miguuni pa mama yake na kupiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nilidanganya. Niliona waya mweusi utaiharibia baiskeli sura. Na leo asubuhi nilichelewa kukwambia, kwa sababu niliogopa."

Mama aliufungua mfuko kwa mkono mzima, akatazama ndani. Kisha alisema, "Lete spana. Utafunga mwenyewe, mie nitakuelekeza."

Walifanya kazi hiyo pamoja, mmoja kwa mikono miwili, mwingine kwa maneno. Waya mweupe ulitoka, mweusi ukaingia. Raba ngumu zilitupwa. Siti iliachwa, cheni iliachwa, na tairi ziliachwa. Loveness alipokaza nati ya mwisho alifuta jasho. "Tayari, mama. Zinashika."

Mama alisimama, akaushika mshikio wa breki mwenyewe, akaubana, akausukuma usukani mbele. Gurudumu halikusogea. Loveness aliona jinsi mama yake alivyolazimika kuhakikisha, na machozi yakamlengalenga upya.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Kitu cha zamani si kibaya, na kipya si lazima kiwe kizuri. Kilichokwisha ndicho kinachobadilishwa, basi. Lakini leo si waya ulioniangusha. Ningejua umechakaa, nisingepanda. Nilipanda juu ya ile 'ndiyo, mama' yako. Waya ukikatika nakwenda Kariakoo nanunua mwingine. Neno lako likikatika, nitalinunua duka gani?"

"Hakuna duka, mama."

"Hakuna. Utalifunga mwenyewe, kidogo kidogo, kila siku. Leo nimekagua kwa mkono wangu. Siku utakayoniambia 'tayari' nami nikapanda bila kutazama, ujue siku hiyo ndipo tutakuwa tumepona."

Kesho yake asubuhi Loveness aliamka mapema, akachukua ufagio, akafagia uwanja kwanza.