Sefu Mlangoni mwa Adomako

IJUMAA, BAADA YA KUFUNGA GEREJI

Fundi Agyenim aliweka injini ya lori juu ya gololi, gololi juu ya bamba la chuma, kisha akaisukuma kwa kidole. Kidole cha mwisho. Injini ikaenda kama mzee aliyeitwa kula.

"Mmeona?"

Waliona. Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma, Suame Magazine, Kumasi, mahali ambapo gari huingia likiwa moja na kutoka likiwa matatu. Mlango ulikuwa umekomewa. Joto lilikuwa la kuivisha ndizi.

Agyenim aliuza beringi kuukuu. Kwake haikuwa biashara, ilikuwa dini, na yeye ndiye askofu.

"Kesho," alisema, "Adomako anamzika mama mkwe wake. Uwanja uko nyuma tu ya duka lake la kununua dhahabu. Mkwe haendi mazishini mikono mitupu. Vitambaa, vinywaji, mbuzi. Na kila kitu kinabebwa kichwani, kwa maandamano, watu waone. Nani watabeba?"

"Walinzi wake," alisema Serwaa, mke wa Agyenim, akimenya karanga.

"Walinzi wake! Wote. Duka linabaki na sefu peke yake. Kitasa cha mlango wa nyuma nilikifunga mimi. Nilichonga funguo tatu. Nikampa mbili."

Wote walicheka, isipokuwa Bediako, dereva. Bediako alifika mwaka wa tatu chuo cha ufundi kabla chuo hakijagundua vifaa vya maabara vinauzwa sokoni. Alikuwa anaitazama injini.

"Sefu ina uzito wa lori zima," alisema. "Gololi inagusa sakafu kwa nukta. Ndogo kama punje ya dengu. Mzigo wote unapita hapo. Chuma juu ya chuma, vyote vinabonyea kidogo halafu vinajirudi. Mle dukani sakafu ni ya vigae, kaka. Kigae hakijirudi. Tumia mabomba. Bomba linagusa kwa mstari."

"Mtu amefukuzwa shule ananifundisha gololi."

"Na ile mipira ya tairi uliyosema tubandike ubavuni?"

"Chuma kisipige kelele kwenye fremu."

"Nafasi ni kidole kila upande. Mpira ni kidole na kitu. Mpira si godoro. Ukiubana, nao unakubana."

"Basi ukabane mdomo," alisema Agyenim, na kikao kikaendelea kwa amani.

Wa nne alikuwa Twumasi. Mabega kama kabati, sauti kama ya mtu anayeomba radhi. Alikuwa mwanagenzi wa Agyenim tangu ndevu zake hazijaota, na sasa ndevu zilikuwa na mvi mbili. Pale Magazine, mwanagenzi hawi fundi mpaka bosi wake amfungue mbele ya mashahidi: amwagiwe poda, vinywaji vinywewe, jina litajwe. Bila hivyo hakuna atakayemkodisha hata kivuli cha kufanyia kazi. Wenzake aliokuja nao wana gereji. Wana wanagenzi. Wana vitambi.

"Na mimi, bosi?" aliuliza.

"Sefu ikitoka mlangoni, nakufungua. Mbele ya Magazine nzima."

Serwaa aliacha kumenya. Ahadi hiyo alikuwa ameisikia ilipotolewa kwa ajili ya paa la nyumba, na kwa ajili ya kisima.

JUMAMOSI, WAOMBOLEZAJI WANAKETI

Lori la Bediako liliingia uani kwa Adomako limejaa viti vya plastiki na turubai la msiba. Hakuna mtu Kumasi anayelisimamisha lori la viti siku ya Jumamosi. Wote wanne walivaa nyeusi na nyekundu. Agyenim alivaa kitambaa kizuri kuliko cha mfiwa.

Nyuma ya ukuta vipaza sauti vilikuwa vinalia kwa ajili ya marehemu, kwa sauti ambayo marehemu mwenyewe angelalamika.

Ufunguo wa tatu ukazunguka. Mlango ukafunguka.

Chumba kilikuwa kidogo. Dirisha lina nondo. Mlango wa mbele umefungwa kwa nje, kufuli tatu. Sefu ilisimama katikati, ndefu karibu sawa na fremu ya mlango, imekaa juu ya bamba nene la chuma ambalo Adomako mwenyewe aliliweka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini aliliweka.

Jeki chini. Pampu. Gololi zikaingia. Twumasi akabandika mipira ubavuni. Jeki ikarudi kwenye lori kwa ajili ya kupandishia. Agyenim akavua kitambaa begani.

"Sisi wawili ndani, tunasukuma. Bediako na Serwaa nje, mnapokea. Twende."

Ilienda. Haki lazima itendeke: ilienda kama ndoto. Ile tani ya chuma iliteleza juu ya bamba bila sauti, na Agyenim akaanza kucheka kama bwana harusi.

"Nani alisema mabomba? Nani?"

Bamba likaisha.

Gololi za mbele zilikanyaga kigae. Zikasikika: tak, tak, tak, kama mtu anayevunja njugu kwa meno. Sefu ikainama mbele, ikajitupa kwenye fremu kwa kasi yake yote, na mipira ikaminywa pande zote mbili hadi ikatoa ulimi nje.

Nje waliendelea kumlilia mama mkwe.

"Sukuma," alisema Agyenim.

Twumasi alisukuma. Mishipa ya shingo ilimsimama. Sefu haikusogea hata kwa adabu.

Sasa mlango ulikuwa na sefu badala ya mlango. Juu ilibaki nafasi ya kupitisha sahani ya wali. Mtu, hapana.

WAKATI WA RAMBIRAMBI

"Bediako! Funga mnyororo. Vuta na lori!"

Macho ya Bediako yalionekana katika ule upenyo wa juu. "Nikivuta, gololi zinachimba zaidi. Na mpira unajikusanya mbele. Itakaza."

"Vuta!"

Alivuta. Ikakaza. Fremu ilipiga ukelele, plasta ikawadondokea waliokuwa ndani. Lori likasaga matairi na kunyamaza.

"Umefurahi?" aliuliza Bediako.

"Twumasi, kata huo mpira."

Twumasi alijaribu kisu. Pale mpira ulipobanwa, kisu hakikupata pa kuingia, kama umeliomba jiwe likupishe. Alijaribu mtaimbo. Mtaimbo ulibonyea ndani ya mpira, akauegemea kwa mwili wote, mpira ukaukubali vizuri, ukaukubali kabisa, kisha ukamrudishia. Mtaimbo ulimpiga kidevuni. Akakaa chini.

Joto ndani lilipanda. Chumba kilinuka tairi na jasho la watu wawili wanaoanza kuchukiana.

Kipaza sauti kikatangaza: "Familia ya Oforikrom, mbuzi wawili! Wapigieni makofi!"

Serwaa akapanda juu ya kiti cha plastiki, akachungulia. "Mume wangu. Wakishamaliza Oforikrom ni zamu ya Adomako. Akishatangazwa anarudi hapa kuchukua vinywaji vya wageni. Nimemsikia mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo fikiri."

"Iko njia," alisema Bediako. "Moja. Irudi ndani. Nageuza lori, naweka gogo, naisukuma kutoka huku. Nyuma yake bado iko juu ya bamba. Mpira ukiachia tu, itateleza yenyewe. Mtatoka. Tutaondoka."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu itabaki na mwenyewe. Ni desturi ya zamani."

"Hapana." Agyenim alikwenda nyuma ya sefu, akaegemeza mgongo ukutani, akatanguliza viganja vyote viwili kwenye chuma. "Irudi ipitie kifuani kwangu. Vuta tena!"

"Bosi," alisema Twumasi kutoka sakafuni. Damu ilimtoka kidevuni. "Tukikutwa humu, mimi naenda jela nikiwa mwanagenzi."

"Sukuma, tutatoka."

"Umesema ikitoka unanifungua. Nifungue sasa. Hata hapa. Mashahidi wapo."

"Nikufungue kwa kazi gani? Hata mlango umekushinda."

"Gololi zilikuwa zako."

Agyenim aligeuza kichwa. Joto lilikuwa limekwisha kuyeyusha busara yake, kiasi kile kilichokuwepo.

"Sikiliza, wewe ng'ombe. Nikikufungua, nani atanibebea? Eti? Nani atanyanyua injini? Unadhani miaka yote hii nimesahau? Sikusahau! Utakufa ukiwa mwanagenzi wangu, na kaburi lako nitakuchimbisha mwenyewe!"

Serwaa alishuka kwenye kiti. Polepole.

Ndani, Twumasi alitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeazimwa vitu hivyo na leo ameambiwa ni vyake.

"Na sasa," kilitangaza kipaza sauti, "mkwe wa marehemu! Mheshimiwa Adomako! Wabebaji, simameni!"

KABLA YA CHAKULA

Lori lilikwisha kugeuka. Gogo lilikwisha kukaa. Bediako alichungulia kwa mara ya mwisho.

"Twumasi. Sefu ndani au nje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Twumasi kitu. Aliinuka sakafuni.

"Bosi, toka hapo nyuma," alisema.

"Thubutu!"

"Bosi, nakuomba. Toka."

"Thubutuni!"

Twumasi akajibanza kwenye kona, mbali na njia ya bamba. "Rudisha ndani," alisema, na ile sauti ya kuomba radhi haikuwemo.

Lori likanguruma. Gogo likagusa chuma. Mwanzo hakuna kilichotokea, mpira ulikuwa unahesabu madeni yake. Kisha ukaachia wote kwa mpigo mmoja. Sefu iliruka nje ya mashimo ya vigae, ikakanyaga bamba, na juu ya bamba gololi zikafanya hasa kile ambacho Agyenim amehubiri maisha yake yote.

Ilimfikia kabla hajamaliza kupiga kelele. Bamba liliishia karibu na ukuta. Gololi za nyuma zikaanguka kwenye vigae vya upande ule, tak, tak, na sefu ikatulia ikiwa imemweka Agyenim kati yake na ukuta, mikono juu, tumbo limesambaa pande zote mbili.

Hakuvunjika. Binadamu naye hubonyea. Lakini hakutoka.

Mwanga uliingia mlangoni. Twumasi alipita katikati ya mwanga huo, akasimama uani, akavuta hewa.

"Twumasi!" Sauti ilitoka nyembamba, kwa sababu pumzi ilikuwa nusu. "Mwanangu! Lete jeki!"

"Nimekufungua!" Agyenim alipiga kelele tena. "Umesikia? Kuanzia leo wewe ni fundi! Fundi Twumasi!"

"Mashahidi?" aliuliza Twumasi.

"Mimi nimesikia," alisema Bediako kutoka kwenye usukani.

"Na mimi," alisema Serwaa. Alikuwa ameshakaa kando ya dereva, pochi mapajani. "Nitaisema kwenye kila kibanda cha Magazine. Kwa jina lake na la baba yake."

"Serwaa? Mke wangu? Unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwa mama yangu. Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, hilo unalijua. Chakula kiko kwenye sufuria."

Twumasi alishusha jeki. Aliingia nayo, akailaza kati ya sefu na ukuta, karibu na kiuno cha Agyenim. Akaweka ubao mpana kwenye kichwa cha jeki kisitoboe ukuta, ule ambao Bediako alikuwa amemrushia bila maneno. Akaukunja mkono wa Agyenim kwa upole, akamshikisha mpini wa pampu.

"Haya, fundi mwenzangu," alisema.

"Nipigie wewe! Sina nguvu hivi! Twumasi, utanimalizia dakika moja tu!"

"Nina kazi yangu ya kutafuta," alisema Twumasi, na akatoka.

Lori la viti liliondoka kwa heshima, polepole, kama lori la msiba linavyopaswa.

Agyenim alipiga pampu. Mpini ulisogea nusu tu ndipo ukagonga chuma. Nusu, nusu, nusu. Sefu ilimwachia unene wa karatasi, akaujaza kwa pumzi. Nje, miguu mingi ilikuwa inakuja, na vicheko vya wabebaji waliotua mizigo.

Kivuli kikaziba mlango. Adomako aliingia na kitambaa chake cheusi, walinzi nyuma yake. Alitazama mashimo ya vigae. Alitazama gololi moja iliyobingirika hadi kwenye kiatu chake. Akamtazama Agyenim, na kile kitambaa kizuri sakafuni.

"Fundi Agyenim," alisema. "Pole kwa msiba."

"Asante, mheshimiwa," alisema Agyenim. "Pole na wewe."

Adomako akamnyang'anya mpini, akamkabidhi mlinzi autunze. Kisha akaomba aletewe kiti.