Mhudumu wa Njia ya 118

Mashine ya kutoa namba ilikwama pale pale Rochelle Tibbs alipoifikia, na nyuma yake walisimama wazazi wasiopungua hamsini. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Agosti. Ukumbi wa ofisi ya usafiri wa shule ulikuwa na joto la tanuri, na watu walijipepea kwa barua zile zile walizokuja kuzilalamikia. Rochelle alikuwa ametoka kazini moja kwa moja: sare ya zambarau ya kliniki ya figo, raba nyeupe, nywele zimebanwa kwa kalamu. Mwanamume mrefu mwenye sweta ya rangi ya haradali alitokea na bisibisi, akapiga magoti, akaanza kuifungua mashine.

Rochelle alimwuliza kama sweta mwezi wa nane ni adhabu au ni ugonjwa.

"Ofisi za nyuma zina kiyoyozi," alisema bila kuinua kichwa. "Usiwaambie hawa, watanila."

"Basi huko nyuma ndiko anakojificha huyu V. Dudek anayetia sahihi barua hizi. Nikimpata nitamwuliza swali moja tu. Amepanda basi la shule lini mara ya mwisho, tangu aote ndevu?"

"Hana ndevu."

"Unamjua?"

"Namnyoa kila asubuhi."

Alipoinua uso, kweli ulikuwa umenyolewa vizuri, na ulikuwa umeiva kwa haya. Rochelle hakuomba radhi. Alimkabidhi barua yake mwenyewe na kumwambia aisome kwa sauti, aone inavyosikika.

Vernon Dudek aliisoma. Haikuwa ndefu. Corinne Tibbs, umri miaka tisa, ana kifafa na anachelewa kusema. Mwezi Juni watu saba walikaa mezani shuleni kwake wakaandika na kutia sahihi kwamba safari yake isizidi dakika arobaini, na kwamba ndani ya basi awepo mhudumu aliyefundishwa kumpulizia dawa puani iwapo kifafa kitapita dakika tano. Karatasi ilikuwa kamili. Kilichokosekana ni mtu. Wahudumu waliofundishwa walikuwa wanne kwa mji mzima, na wote walikuwa wameshapangwa. Barua ilimalizia kwa kusema kwamba mzazi anaweza kumpeleka mtoto mwenyewe na kurudishiwa gharama ya petroli.

"Shule inaanza saa mbili," Rochelle alisema. "Mimi nawaunganisha wagonjwa kwenye mashine saa mbili, upande wa pili wa mji. Niambie, Bwana Dudek, figo zao ziningoje?"

"Haziwezi," alisema, bila kutafuta udhuru. Jambo hilo ndilo Rochelle alilolikumbuka njiani.

Alichoahidi Vernon kilikuwa kidogo lakini alikitimiza. Kila alfajiri, kama saa kumi na moja na robo, yeye alikuwa wa kwanza mjini kujua nani kaugua na nani amebaki bila basi. Mhudumu mmoja kati ya wale wanne akipatikana, angempigia simu Rochelle. Asipopatikana, angempigia pia.

"Kuna mtu?" Rochelle aliuliza kila siku, kabla hata ya salamu.

"Leo hakuna."

Hadi katikati ya Oktoba shule ilikuwa imefunguliwa siku thelathini na moja, na Corinne alikuwa amehudhuria tisa. Siku nyingine alibaki kwa jirani, Bi Orlowski, mbele ya dirisha, akihesabu mabasi ya manjano yanayopita. Maneno yake yalikuwa machache lakini namba za mabasi alizijua zote. Alizitaja kwa sauti ya chini, moja baada ya moja, na hakuna lililosimama.

Simu zile ziliendelea kurefuka. Baada ya "leo hakuna" ilifuata hali ya hewa, kisha baba yake Vernon, mfua chuma wa zamani aliyebaki na mapafu nusu na mtungi wa hewa kando ya kitanda, asiyekuwa na mwingine wa kumtunza. Kisha yalifuata mambo yasiyo na sababu ya kusemwa alfajiri.

"Unavaa nini leo?" Vernon aliuliza siku moja.

"Unajua ninachovaa. Navaa kile kile kila siku."

"Najua. Nataka kukusikia ukikitaja."

"Zambarau, mpuuzi wewe."

Tangu hapo akamwita Zambarau. Ijumaa moja alimwalika kwenye samaki wa kukaanga katika ukumbi wa parokia, pale ambapo mji mzima wa kando ya Ziwa Erie hula siku hiyo, wawe wanasali au hawasali. Rochelle alikuja na gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni na hereni za mama yake. Vernon alikuja na sweta ile ile. Corinne alimkagua kwa muda mrefu, akachukua kipande cha samaki kwenye sahani ya Vernon, akala. Rochelle alimwambia Vernon kwamba daktari wa watoto amesubiri miaka minne Corinne amzoee hivyo.

Tarehe kumi na mbili Novemba simu haikulia. Rochelle alikaa kitandani akiitazama hadi kulipopambazuka. Saa moja na dakika ishirini lilisimama basi fupi mbele ya nyumba, namba 118, taa zake nyekundu zikiwaka kwenye theluji ya kwanza. Mlango ulifunguka. Kwenye ngazi alisimama Vernon, kizibao cha rangi ya chungwa juu ya sweta, mkoba mwekundu wa dawa kiunoni.

"Kuna mtu," alisema.

Alikuwa amejifunza dawa ile tangu kiangazi, akiona aibu kutia sahihi barua za jambo asilolijua. Sasa alikuwa ameacha meza ya kupanga mabasi na kuomba nafasi ya mhudumu, ngazi tatu chini. Rochelle alisimama mlangoni na koti la kulalia. Corinne alisema, "Moja moja nane," akapanda.

Wiki nane zilizofuata zilikuwa nzuri kiasi ambacho Rochelle baadaye hakupenda kuzikumbuka. Corinne hakukosa siku hata moja. Alijifunza kuomba maji kwa neno lenyewe. Tarehe tatu Desemba kifafa kilimshika karibu na daraja. Vernon aliandika kwenye daftari la basi dakika kilipoanza, dakika alipopuliza dawa, dakika mtoto alipofumbua macho. Rochelle aliusoma ukurasa huo kama watu wengine wanavyosoma barua ya mapenzi.

"Nikikuuliza jambo wakati wa Pasaka," Vernon alisema siku ya mwaka mpya, akimfunga skafu, "utakasirika?"

"Inategemea kama utakuwa umenunua sweta nyingine."

Jumatatu ya pili ya Januari, saa kumi na moja na robo alfajiri, simu ililia. Sauti ilikuwa ya msichana, mpangaji mpya wa mabasi. Alisema kwa adabu kwamba kuanzia leo njia ya 118 haina mhudumu aliyefundishwa, na kwamba barua iko njiani. Rochelle aliuliza Bwana Dudek kapatwa na nini. Msichana alipekua karatasi. Hakupatwa na kitu, alisema. Jumamosi ilikuwa siku ya kuchagua njia, na Bwana Dudek amechukua njia ya 203, upande wa uwanja wa ndege. Sahihi yake ipo.

Rochelle aliweka simu chini. Ilipolia tena, jina la Vernon likiwa kwenye kioo, aliiacha ilie. Aliifungia namba yake kabla ya chai. Kuna wanaume waliomwacha kwa sababu ya Corinne, akiwemo baba yake Corinne, na wote walianza kwa kuchukua njia nyingine.

Jumatano jioni Vernon alikuja. Alizungumza kupitia mlango, pumzi zake zikisikika. Alikuwa ameanza kusema habari ya barua, barua moja tu.

"Barua zako nazijua, Vernon. Ninazo sanduku zima. Rudi kwenye njia yako."

Alisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Aliongeza sauti ya redio ili asisikie gari.

Ilikuwa siku ya kumi na mbili ya kazi tangu siku ile ya kuchagua, Rochelle alipoomba ruhusa na kwenda ofisini kulalamika rasmi. Ukumbi ulikuwa mtupu, mashine ya namba inafanya kazi. Ukutani kando ya dirisha palikuwa na orodha ndefu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma kila kitu kinachobandikwa ukutani, aliisoma.

Wahudumu sitini na mmoja, kila mmoja na tarehe aliyoingia katika kazi hiyo, wakongwe juu. Kila Januari na kila Agosti waliitwa kwa zamu kuchagua njia, na aliye juu huchukua anachotaka. Wa pili kwenye orodha alikuwa D. Falk, miaka thelathini na moja, na mbele ya jina lake: 118. Njia fupi, watoto watano, basi lenye joto. Rochelle alishusha kidole hadi chini kabisa. V. Dudek, 12 Novemba. Namba sitini na moja. Mbele yake: 203, njia pekee iliyobaki baada ya watu sitini kuchagua.

Miaka kumi na tisa ya Vernon mezani haikuhesabiwa. Yeye mwenyewe, aliyewahi kuibandika orodha kama hiyo, alidhani ingehesabiwa.

Chini ya orodha palikuwa na kanuni kwa herufi ndogo. Mzazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu anaweza kuomba kwa maandishi kwamba mhudumu aliyefundishwa abaki na mtoto huyo, bila kujali ukongwe. Barua ifike ofisini ndani ya siku kumi za kazi.

Msichana wa dirishani alihesabu kwenye kalenda, akahesabu tena kwa sababu alimwonea huruma. Alisema samahani. Alisema pia kwamba Bi Falk ana nyonga mbovu, si mtu mbaya, lakini ameandika kwamba dawa hataishika, na mkataba unampa haki hiyo. Uchaguzi mwingine ni Agosti.

Rochelle alimkuta Vernon gerejini akifagia theluji kwenye ngazi za 203. Alikuwa amekonda.

"Ungeipenyeza kanuni ile chini ya mlango," Rochelle alisema. "Ungeandika kwenye ukuta. Ungevunja dirisha."

"Niliambiwa mhudumu haruhusiwi kumwandikia mzazi kuhusu mambo ya wafanyakazi. Kusema, niliweza kusema." Akaegemea ufagio. "Zambarau, nilipiga mara kumi na moja."

"Najua. Nilikuwa nimekufungia."

Rochelle alimkumbatia pale pale, kizibao na ufagio na vyote, madereva wakipita wakiangalia kwingine. Walisameheana kwa dakika moja, jambo lililokuwa rahisi. Gumu lilikuwa hesabu iliyobaki. Corinne alikuwa amerudi dirishani kwa Bi Orlowski, na neno la maji lilikuwa limeshapotea. Dada yake Rochelle alikaa mji ulio mwendo wa saa tano kusini, ambako shule moja ilikuwa na basi lenye muuguzi na kiti kimoja kitupu, na kiti hicho kilingoja jibu hadi mwisho wa mwezi.

"Njoo nasi," Rochelle alisema, akijua.

"Na mzee?"

Rochelle alitikisa kichwa. Mzee hangeweza kusafirishwa hata hadi kona ya barabara.

"Nilitaka kukuuliza wakati wa Pasaka," Vernon alisema.

"Usiniulize. Nitakubali, halafu nitabaki."

Hakumwuliza. Alikuja siku ya kuhama, akabeba masanduku, akaandika kwa mkono wake kurasa mbili kwa ajili ya muuguzi: kifafa kinavyoanza, kidole kipi hutangulia kutetemeka, kwamba Corinne hutulia akitajiwa namba. Corinne alimwita "Moja moja nane" kupitia kioo cha gari hadi gari likakata kona.

Jumatatu ya kwanza huko kusini, Rochelle aliamka kabla ya saa kumi na moja na robo, kwa mazoea. Simu haikulia. Ililia saa moja na nusu, wakati alipokuwa amesimama nje na Corinne. Basi lilikuwa limesimama. Mwanamke mwenye koti la buluu alishuka ngazi, akamwinamia mtoto, akasoma kwenye karatasi yenye mwandiko wa Vernon na kuanza kutaja namba. Corinne alimtazama, akapanda.

"Kuna mtu?" Vernon aliuliza.

"Yupo," Rochelle alisema.

Mlango ulijifunga, taa nyekundu zikazimika, basi likaondoka. Barabara ilibaki tupu. Alisikia upande wa pili ngurumo ya injini ya 203 ikipashwa moto, na Vernon akipumua, akingoja aambiwe kitu kingine.

"Vaa sweta," alimwambia, na wote wawili wakabaki na simu sikioni hadi Vernon alipoitwa kazini.